Phébé na Filimbi ya Treni

Mimi Mwajuma nimeuza samaki wakavu karibu na pisini, bwawa la kuogelea la watu wa reli, miaka mingi, na sipendi maneno ya kuzungukazunguka. Phébé hakuwa na wazimu. Waliosema hivyo walikuwa na midomo tu. Alikuwa mtoto mwenye woga, na woga wake ulikuwa na sababu.

Mwaka wa tisini na tatu, Wakasai, watu wa asili ya mkoa wa Kasai, walipofukuzwa Katanga, alisimama stesheni na baba yake, karani Gamaliel, akawatazama majirani zao wakipandishwa kwenye mabehewa ya mizigo. Shefu wa treni, msimamizi wa safari, akapiga filimbi, treni ikaondoka. Basi. Tangu siku ile, filimbi ikilia tu, Phébé anakosa pumzi, mikono inatetemeka, anajikojolea hata darasani. Na Kamina ni mji wa reli, filimbi utaikimbilia wapi? Watoto walimcheka, akaacha kucheza nao, akawa anashinda nyuma ya nyumba peke yake. Kanisani kwao, kwa Wamethodisti, walimwombea mpaka wakachoka.

Aliyemsaidia ni Zébédée, shefu wa treni aliyefundisha watoto kuogelea siku zake za mapumziko. Alimwambia Gamaliel amlete, maana ndani ya maji makelele hayafiki. Kweli, mtoto aliyapenda maji ajabu. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka vidole vikakunjamana, na kutoka hataki. Nilimtania kwamba nitamkausha nimuuze pamoja na samaki wangu. Akacheka, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Lakini watu wa reli nao! Kila kitu chao kinaanza kwa filimbi, hata mashindano. Watoto wa Luena, mji mwingine wa njia ya reli, walipokuja kushindana na wetu, Zébédée alipiga ileile filimbi yake ya treni, bila kufikiri. Watoto wengine wakaruka. Phébé akachuchumaa ukingoni, ameziba masikio, nguo imelowa kabla hajagusa maji. Watu wakaangua kicheko. Aliyeshinda ni Salomé, msichana wa Luena, na huyo hakucheka. Alimfuata Phébé, akamwambia watakutana tena, na siku hiyo aruke.

Neno hilo lilimkaa Phébé moyoni. Alimwomba Zébédée atumie kitambaa badala ya filimbi. Zébédée akakataa, nami nikamkasirikia, nikamwambia hana huruma hata kidogo. Yeye akaivua filimbi shingoni, akamvisha mtoto.

"Piga weye mwenyewe," akamwambia. "Ukipiga weye, hakuna treni itaondoka."

Alianza kwa kuipuliza kidogo, sauti kama ya kifaranga, kisha akatapika. Kesho yake tena. Kila jioni namwona pale, apige, atetemeke, aruke. Miaka ikapita hivyo, akawa msichana mrefu wa mabega mapana. Siku moja akapiga, akaruka, na mikono haikutetemeka. Zébédée akaagiza watu wa Luena waje. Phébé alitaka kitu kimoja tu: kuruka kando ya Salomé na kumaliza.

Ndipo vita vya tisini na nane vikaanza. Treni zikachukuliwa kubeba askari, Zébédée naye akaenda nazo. Wenzake Phébé wa pisini wakakimbilia vijijini na wazazi wao. Siku ya mashindano, stesheni walishuka askari tu, wa Luena hata mmoja hakuna. Nilidhani Phébé atabaki nyumbani. Hakubaki. Alikuja peke yake, maji yamekuwa ya kijani, akasimama ukingoni, akanipa filimbi nimpigie.

Nikapiga. Jamani, aliruka! Alikata maji yale kama anayefukuzwa, na hakuna aliyekuwa nyuma yake. Alipogusa ukuta aliinua kichwa, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama Mwajuma, siogopi tena," akasema.

Nikamwambia nimeona, nimefurahi, Mungu ashukuriwe. Nikamnyooshea kitenge changu ajifute. Hakukipokea. Alikuwa analia.

"Papa Zébédée haiko. Salomé haiko," akasema. "Nitaambia nani?"

Mimi nilikuwa palepale, nimeshika kitenge, nimesikia yote. Lakini hakuwa ananitafuta mimi.