Neno "Mtani" Nililolikata

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, basi la Dar es Salaam lilipoingia stendi ya Korogwe na konda akanirushia gazeti dirishani huku akipiga kelele, "Dada wa taipu, leo umetoka!" Nikalidaka. Ukurasa wa mbele, herufi nene kama magogo: MCHAWI AFA, MAITI YAZUIWA MLANGONI. Chini yake, "Na Mwandishi Wetu, Korogwe." Mwandishi Wetu ndiye mimi. Nilinunua nakala nyingine mbili hapo hapo, nikatembea mjini kichwa juu, nikitamani kila mtu aniulize nimebeba nini.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinionyesha simu yako. Ukasema, bibi, naandikia mitandao, sijaajiriwa na mtu, makala isiposomwa sipati kitu, nifanyeje watu wabofye? Halafu ukanisomea kichwa chako cha habari: "Hutaamini alichofanya mama huyu!" Nikakuuliza, alifanya nini? Ukajibu, hakufanya kitu kikubwa bibi, alifungua genge la nyanya. Loo! Nilicheka mbele yako, lakini ulipoondoka sikucheka tena. Nilikaa nikaona naitazama njia niliyoipita mwenyewe.

Wakati ule magazeti ya watu binafsi yalikuwa yamefumuka kama uyoga. Zamani tulizoea magazeti machache tu. Ruhusa ilipotoka, kila ukigeuka unasikia jina jipya, na yote yanataka habari kutoka mikoani. Mimi nilikuwa mpiga taipu katika duka dogo karibu na stendi, nachapa barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Kazi ikipungua naandika habari zangu, natia kwenye bahasha, nampa konda. Ikitoka, nalipwa. Isipotoka, hata salamu sipati. Niliandika kisima kilichokauka, haikutoka. Nikaandika zahanati isiyo na mlango, haikutoka. Siku moja konda akaniletea kikaratasi kutoka kwa mhariri, maneno manne: "Leta habari zenye moto." Na mimi kwa ujinga wangu nikadhani moto ni kitu cha kutiwa na mwandishi.

Ikawa Mzee Mhina akafariki. Alikuwa Mzigua mwenzetu, mkulima, katika kijiji kimoja njia ya kwenda Handeni. Sitakitaja, watu wake wameshateseka vya kutosha. Mkewe, Bi Mwantumu, alikuwa rafiki wa mama yangu, hivyo nilikwenda mazikoni. Na alikuwepo mtani wa marehemu, Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyekuja ujanani kukata mkonge Mazinde. Mkataba ulipokwisha yeye hakurudi kwao. Alioa huku, akalima shamba jirani na la Mhina. Ninyi watoto wa siku hizi utani mnaujua wa mpira tu. Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kumtukana maiti, kuvaa nguo zake, kuzuia shughuli mpaka apewe chochote, na hakuna wa kukasirika, maana kazi yake ni kuwapoza wafiwa. Tena ndiye wa kwanza kushika jembe kaburini.

Basi jeneza lilipoinuliwa, Mzee Maganga akajilaza kizingitini. "Hatoki!" akapayuka. "Mchawi huyu ameniroga meno yote, angalieni!" Akafungua kinywa, na kweli, lilikuwa limebaki moja. "Leo amekufa, tumepona, lakini hatoki mpaka anirudishie meno yangu!" Watu walicheka mpaka waliobeba jeneza wakalazimika kulishusha. Bi Mwantumu, ambaye hakuwa amesema neno tangu alfajiri, alicheka akajishika mbavu, machozi yakimtoka. Akaagiza Maganga apewe jogoo. Maganga akainuka, akatia bega lake chini ya jeneza, wakaenda. Waliporudi makaburini macho yake yalikuwa mekundu, na chakula hakukigusa.

Nilirudi Korogwe nikayaandika yote hayo. Nikasoma, nikaona ni tamu. Kisha nikakumbuka kile kikaratasi cha mhariri, nikachukua kalamu. Palipoandikwa "mtani wa marehemu" nikakata, nikaweka "mzee mmoja wa kijiji hicho". Kicheko cha mjane nikakiondoa. Meno na jogoo nikaviondoa, maana mchawi wa meno hatishi mtu. Nikachapa upya. Sikuongeza hata neno moja la uongo, mwanangu, na hapo ndipo nilipojidanganya. Nilijiambia, ah, utani nani asiyeujua? Kwetu sisi mtu husema mtani kama anavyosema jirani. Haikunijia kwamba anayesoma bila neno lile hana pa kushika.

Ijumaa asubuhi Mzee Maganga akasimama mlangoni pa duka letu, ameshika baiskeli, jasho linamchuruzika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaishia hapo.

Mnyamwezi anikute mimi Mzigua, asinitanie? Siku zote angenianza tangu barabarani, aniite mkewe, mtumwa wake, mwizi wa kuku. Siku hiyo alinitazama tu.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaandika andika msibani," akasema. "Neno langu umelipeleka wapi?"

"Neno gani, mzee?"

"Mtani. Mwalimu amenisomea gazeti mara mbili. Mimi simo. Yumo mzee mmoja anayemwita Mhina mchawi."

Kisha akanieleza. Gazeti lilifika kijiji jirani na lori la machungwa. Huko watoto walikuwa wamekufa kwa homa masika yale, na watu walikuwa na uchungu wasiojua wauweke wapi. Vijana wakasoma, wakasema, kumbe ndiye! Mchawi amekufa, je, vifaa vyake viko wapi? Viko kwa mkewe. Tangu jana Bi Mwantumu amejifungia ndani, na vijana wameapa kwamba wakitoka swala ya Ijumaa wataibomoa nyumba, na yeye akiwemo.

"Si uwaambie ulikuwa unatania?"

"Nimewaambia. Wanasema nimehongwa jogoo. Wanasema kama ni utani, mbona gazeti halikusema?" Akapangusa uso kwa kiganja. "Mimi niliyesema hawaniamini. Wanaiamini karatasi yako. Sasa njoo uikane mwenyewe."

Sikutaka kwenda. Nakuambia ukweli, sikutaka. Niliona panga shingoni mwangu kabla sijatoka mlangoni. Nikasema nitamwandikia mhariri arekebishe, itatoka wiki ijayo. Mzee Maganga akasema, "Wiki ijayo utaandika mazishi mengine." Nikaona aibu. Nikafungua droo, nikatoa ile karatasi ya kwanza yenye makato ya kalamu, tukapata pikapu iliyokuwa inapakia abiria, baiskeli ikafungwa juu.

Tulifika swala imekwisha. Uwanja wa Bi Mwantumu ulikuwa umejaa wanaume wenye mapanga ya shamba. Mwenyekiti wa kijiji alisimama mlangoni ametanua mikono, sauti imemkauka. Nyuma ya nyumba walikuwa wameshaanza. Nilisikia ukuta wa jiko ukianguka, puu! Kijana mmoja mrefu alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, anasoma gazeti langu kwa sauti, neno kwa neno, na kila akifika kwenye "mchawi" wenzake wanaitikia. Maneno yangu, mwanangu! Nilikuwa nimemwomba Mungu nisomwe. Haya, nilikuwa nasomwa.

Mwenyekiti akasema huo ni uvumi tu. Yule kijana akamjibu, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja!" Umati ukanguruma, ukasogea hatua moja.

Mzee Maganga akanishika mkono akanipitisha katikati yao. "Huyu ndiye aliyeandika," akasema.

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Nilikata maneno. Haya hapa niliyoyakata." Kijana akashuka kwenye kinu, akaninyang'anya karatasi, akailinganisha na gazeti. Akaona sentensi ni zilezile, akaona mistari ya kalamu ilipopita. Nilidhani ataichana. Akanirudishia.

"Soma."

Nikasoma. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi. Nikasoma "mtani wa marehemu", nikasoma kizingiti, nikasoma jogoo ambaye niliona ni mdogo mno kwa gazeti. Nilipofika "hatoki mpaka anirudishie meno yangu", Mzee Maganga akafungua kinywa mbele ya mapanga yale akawaonyesha lile jino moja. Bibi mmoja pembeni akashindwa kujizuia, akacheka. Akafuata mwingine. Wanaume wazima wakaanza kutazamana, mapanga yakashuka moja moja. Yule kijana hakucheka. Alilikunja gazeti, akasema, "Mnatuchezea akili, ninyi watu wa magazeti," akaenda zake. Wengine wakamfuata, na wapo walioondoka bado wanaamini.

Bi Mwantumu akafungua mlango. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea. Aliniuliza polepole, "Mimi nilicheka siku ile, mwanangu. Nilimuaga mume wangu nacheka. Kwa nini hilo hukuliandika?"

Nilimpa ile karatasi, kicheko chake kikiwa chini ya mstari wa kalamu.

Mwezi uleule alihamia Hale kwa kaka yake, na hakurudi tena. Mhariri alichapa marekebisho, mistari michache ukurasa wa ndani chini ya tangazo la mabati, nani aliyasoma? Maji yakimwagika hayazoleki. Kule kijijini watoto waliendelea kupita mbio mbele ya nyumba ile tupu mpaka mvua zilipoiangusha. Mzee Maganga naye alikaa muda mrefu hanitanii, na hiyo ndiyo adhabu iliyoniuma, maana alinisalimu vizuri tu kama mgeni.

Ndipo siku moja akasimamisha baiskeli dukani, akasema, "Wewe mtumwa wangu, taipu yako bado inakula maneno ya watu?" Nililia palepale, mbele ya wateja. Akangoja nimalize, akasema, "Ile karatasi ya kwanza ilikuwa tamu. Waliosikia siku ile bado wanaisimulia. Ile ya gazeti iliwatia woga tu, na mtu uliyemtia woga hana hamu ya kukuona tena." Akapanda baiskeli. Sijapata mwalimu wa uandishi aliyenifunza zaidi ya huyo, naye jina lake tu lilimshinda kuliandika.

Sasa nisikilize vizuri. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Makala yako ikihitaji kupiga kelele mlangoni ili watu waingie, jiulize ndani umewawekea nini. Yule mama wa genge ana utamu wake, ila hukumuuliza. Siku ya kwanza aliuza nini? Nani alikuwa mteja wake wa kwanza, na nyanya zilizolala alizifanya nini? Nenda ukamuulize, ukae naye mpaka akuchoke. Ukirudi hapo utakuwa na kichwa cha habari cha kweli, na anayebofya atakikuta ndani kile ulichomwahidi. Umdanganye msomaji leo, kesho atakupita kama anavyompita mchuuzi aliyemuuzia chungwa kavu.

Na lile neno unaloliona dogo, unalosema kila mtu analijua, ndilo uliandike kwanza. Anayekusoma yuko mbali, hajakulia kwenu. Kata maneno, ndiyo, kata yanayojirudia, kata ya kujionyesha, kata hata yale mazuri yasiyo na kazi. Ila usikate neno linalomlinda mtu. Sisi tulisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini ule haukuwa usaha wa mzaha wa Maganga. Ulikuwa wa kalamu yangu. Ukimaliza, soma kwa sauti, na ujifanye mwenye habari amekaa mbele yako anasikiliza. Mahali utakapoona haya kusoma, hapo ndipo pa kurekebisha. Na usiharakishe kubonyeza. Mimi gazeti lilichukua siku nzima kufika kijijini, nikapata nafasi ya kulikimbilia. Lako linafika kabla hujaiweka simu chini, na hakuna pikapu ya kulifukuzia.

Nenda ukaandike, mwanangu. Nakuombea kwa Mungu upate wasomaji wengi, lakini wawe wale wanaorudi kwa hiari yao. Akupe subira ya kuuliza swali la pili mtu anapodhani umemaliza. Na yeyote utakayemwandika, siku akisomewa makala yako, ajione ni yeye, na kicheko chake akikute kimo. Amina.