Mama Udongo na Dereva wa Maji

Shangazi yangu anafanya kazi maabara ya kupima maji, na kule wanamwita Mama Udongo. Kazi yake ni kuosha udongo fulani mweupe, kuukausha na kuusaga. Udongo ule umejipanga tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama kurasa za kitabu kilichobanwa. Ukiutia majini, madini ya risasi, yale ya kwenye betri, hata yawe kidogo kiasi gani, yanaingia katikati ya tabaka na kunasa. Mkemia anauchuja, anayatoa madini kwa asidi, halafu mashine inasema ni kiasi gani.

Shangazi hamwamini mtu. Nyumbani hata kopo la sukari analitia alama. Basi alipoletwa dereva mpya wa kukusanya maji ya visima, mcheshi, anayetania kila mtu, shangazi akamwekea jicho. Alituambia mtu anayecheka hivyo asubuhi ana lake jambo. Chumba chake cha kukaushia kina dirisha linalotazama uwanja wa magari. Haliruhusiwi kufunguliwa, lakini yeye akawa analiacha wazi kidogo, asikie jamaa anaongea nini kwenye simu.

Haukupita muda, mashine ikaanza kuonyesha risasi kila mahali. Visima vyote, hata maji safi ya maabara yenyewe. Mkuu wa maabara akawaita wote, akasema kuna mtu anachezea vipimo, na akimbaini atamfukuza siku hiyohiyo. Shangazi alirudi bila hamu ya kula. Kazi yake ndiyo inayotulisha sote. Mshukiwa wake alikuwa mmoja tu, na hakumtaja kwa kukosa ushahidi.

Mkemia hakubishana na mtu. Alikausha udongo nusu kabatini, nusu pale dirishani, likiwa wazi kama alivyolikuta. Wa kabatini ukatoka safi, wa dirishani ukatoka na risasi. Nyuma ya ukuta wa uwanja kuna fundi anayeyeyusha betri mbovu, na vumbi la moshi wake lilikuwa linatua kwenye udongo wa shangazi.

Mkuu akauliza nani alifungua dirisha. Dereva alikuwa amesimama mlangoni, na alijua vizuri ni nani, maana aliwahi kumpungia mkono shangazi alipomwona akichungulia.

“Joto, bosi,” dereva akasema. “Tunalifungua sote. Hata mimi.”

Mkuu akaguna, akaamuru lipigiliwe misumari na visima vipimwe upya. Hakufukuzwa mtu.

Jioni dereva akasimamisha gari getini. “Mama Udongo, panda nikusogeze. Ukikaa mbele utanichungulia vizuri zaidi.”

Shangazi alikataa, akatembea hadi nyumbani. Mama yangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kesho amshukuru yule kaka wa watu.

“Nimshukuru? Wifi, mtu hakuokoi hivihivi,” shangazi akasema, akivua viatu. “Kuna kitu anakitaka, na nitakijua.”

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Shangazi hakucheka.