Njegere Zilizoyeyuka Kabla ya Kambi ya Kwanza

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati nitahitaji huruma. Mpaka leo nikipita kwenye friza ya supamaketi pale mjini Moshi naangalia pembeni, kama mtu aliyekutana na mchumba wa zamani.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza kupanda mlima nikiwa msaidizi wa mpishi. Ndoto yangu (msicheke, hapa bado) ni kuwa mpishi mkuu wa mlimani, na kaka Eliya, mpishi wetu, alishaniambia nikiharibu nirudi kwetu Old Moshi nikakate majani ya ng'ombe. Akanituma: "Nunua mboga za makopo, za safari nzima."

Sasa kati ya wageni wetu kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mwembamba, tabasamu lake la bibi yangu kabisa, nikamwonea huruma. Na nilikuwa nimemsikia mtu kwenye simu akieleza kwamba mboga ya kopo hupikwa kwa moto mkali, vitamini nyingine zinapotea, tena ina chumvi, ila ya kugandishwa inawahiwa na baridi ikiwa bado mbichi, vitamini zinabaki. Nikasimama dukani, kopo mkono huu, pakiti mkono huu, kichwa kinazunguka. Halafu nikapata akili (ndivyo nilivyodhani): kule juu si kuna barafu? Tangu nizaliwe naiona nikifungua mlango! Mboga za barafu zinapelekwa kwenye barafu, zitayeyukaje? Nikabeba pakiti, makopo nikayaacha yote.

Nilichosahau ni kwamba kabla ya barafu kuna msitu, na msituni watu wanatoka jasho. Hatujafika mbali, Baraka, mpagazi aliyebeba mfuko wa chakula kichwani, akasimama, akajipapasa shingo, akatazama juu. Jua linawaka. Akaendelea. Akasimama tena.

"We mangi," akaniita, kama Wachaga tunavyoitwa, "mfuko wako una nini? Unanikojolea!"

Wapagazi wakashusha mizigo ili wacheke vizuri, wageni nao wakasimama, na mimi (sijui kwa nini) nikasema, "Ni umande." Umande mchana kweupe!

Kambini kaka Eliya akafungua mfuko. Njegere zimelegea, karoti zinaogelea.

"Makopo yako wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za vitamini.

"Nimekuuliza vitamini mimi?"

Zikishayeyuka hazisubiri, ikabidi tuzipike zote siku ileile. Supu ya njegere, wali wa njegere, wapagazi njegere, hata kambi ya jirani tukawapelekea sufuria. Yule mama akamuuliza kiongozi wetu wa safari kama leo ni sikukuu ya njegere. Alipoelezwa akacheka hadi akafuta machozi, kisha kiongozi akanitafsiria: mama anasema kwake ana friza, anakula za kugandishwa, na zikiisha anafungua kopo, anamwaga yale maji ya chumvi, anazisuuza, anakula, na bado zinamjenga mwili.

"Kwa hiyo zote nzuri?" nikauliza. "Sasa mimi nimehangaika nini?"

Kaka Eliya akanipakulia njegere nyingine.

Kuanzia hapo ikawa tambi na kitunguu. Tulipofika kambi ya Kibo, ile ya mwisho chini ya kilele, maji ya kunawa yaliganda ndani ya ndoo, baridi inauma mpaka meno, yaani friza niliyoiota ndiyo hii, na sina hata punje moja ya njegere ya kuweka humo. Mama anatafuna tambi nyeupe, akaniona, akatabasamu. Bora angenitukana.

Getini, tuliposhuka, nikasimama mbele ya kaka Eliya kusubiri habari ya majani ya ng'ombe. Akanishika bega.

"Wiki ijayo tuna wageni wengine. Makopo nanunua mwenyewe. Wewe utayabeba, kichwani kwako."

Nimeapa sinunui tena kitu cha friza kama njia ni ndefu kuliko ya kutoka dukani hadi jikoni. Na yale makopo niliyabeba, mazito kama mawe, Baraka nyuma yangu anauliza kila mara kama nasikia umande. Shingo iliniuma mpaka kambini, lakini ilifika kavu.