Fremu Zilizosimama Ziwani

Wakati ule vita ilikuwa upande wa Nyunzu, na watu walikuwa wanaingia mjini kwetu Kalemie, kando ya ziwa, na magodoro kichwani, mimi nilikuwa nachora ukuta wa vioo. Najua inavyosikika. Hata mama yangu mzazi aliniuliza kama wenye akili wote wamekwisha hama mjini.

Kazi ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja, mtu wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walivuka ziwa na mizigo yao, wakapenda, wakabaki. Sote tulimwita Haji. Alikuwa na kiwanja kinachotazama maji, na hapo alitaka duka la ghorofa moja, upande wa mbele wote kioo, kuanzia chini hadi juu. Watu walimcheka. Kioo, siku hizi za risasi? Yeye alikuwa na jibu lake: "Vita itaisha, na siku ikiisha sitaki inikute bado natafuta fundi."

Kioo hakikunisumbua. Kilichonisumbua ni fremu. Programu yangu ya kuchorea majengo ilikuwa na fremu zake tayari, nyembamba, safi, za mraba. Haji alizitazama kwenye kompyuta akakunja uso kama mtu aliyepewa chai bila sukari.

"Hizi ni za benki," akasema. "Mimi nataka kama mlango wa babu."

Mlango wa babu yake ulikuwa bado nyumbani kwake, mbao nyeusi, ukingo wake umechongwa kama mawimbi. Basi nikaenda nikaupima ukingo ule, nikauchora jinsi unavyoonekana ukikatwa, kama unavyokata muhogo ili utazame ndani. Mchoro wa namna hiyo tunauita profili. Ukiipa programu profili, yenyewe inairefusha mpaka inakuwa fremu nzima. Mbele niliweka mawimbi ya babu; nyuma nikaweka mrija wa aluminiamu na ulimi wa kushika kioo. Niliipenda sana kazi yangu.

Programu ikaipokea bila neno. Lakini nilipoiambia iitumie kwenye ukuta, fremu zote zikapotea. Vioo vikabaki vinaelea hewani, kimoja juu ya kingine, kama nguo zilizosahau kamba. Nikafuta, nikaanza upya. Zikapotea. Nikabadilisha unene, rangi, jina. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikaiombea. Jenereta ya jirani ilikuwa inawaka mchana tu, mafuta yalikuwa adimu, kwa hiyo hata hasira zangu nilizipanga kwa saa za umeme.

Haji akachoka kungoja. Akasema angalau aione hiyo profili kwenye karatasi. Nikaichapisha kubwa, nikaikunja kama mkeka, nikatia kompyuta kwenye begi mgongoni, nikashika njia ya kwenda kwake. Kwenye daraja la mto Lukuga palikuwa na barieri, kizuizi cha barabarani. Askari akaniambia nifungue karatasi.

Aliitazama muda mrefu. Na mimi, nikiitazama kwa macho yake, kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ina sura mbaya. Mrija. Tundu. Ulimi uliojikunja vizuri kabisa mahali pa kidole.

"Hii njo nini, Mama?" akauliza. Huku kwetu "ndiyo" tunaisema "njo".

"Dirisha, Papa."

"Dirisha iko wapi hapa?"

"Hii ni dirisha ukiikata."

Akamwita mwenzake. Mwenzake akaigeuza karatasi juu chini, akafuatisha mistari kwa ukucha. "Risasi inaingia hapa," akasema bila wasiwasi wowote, "inatokea hapa."

Ndivyo nilivyopelekwa kwa komanda wao. Nilimkuta amekaa barazani na singlendi, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu kwenye beseni la maji moto yenye chumvi, maana viatu alivyopewa vilikuwa vidogo. Alikuwa mtu mnene na mpole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele za wale wawili. Alisikiliza habari yote ya Haji, mlango na babu.

"Vizuri," akasema. "Fungua kompyuta. Unionyeshe hiyo dirisha ikiwa nzima."

Nikafungua. Vioo vikatokea, vinaelea.

"Fremu iko wapi?"

"Imepotea, Komanda."

Maji yakalia kidogo kwenye beseni.

"Mama. Umekuja na picha ya silaha. Umesema ni dirisha. Sasa unasema dirisha imepotea?"

Nikajaribu tena. Hakuna. Askari walikuwa wamekwisha jaa nyuma yangu, kila mmoja na shauri lake: bonyeza hapa, zima, ipige kidogo pembeni kama redio. Betri ilikuwa inaelekea ukingoni. Komanda akaegemea mbele.

"Rudi nyuma tuone yote," akasema. "Usinifiche kona."

Nikabonyeza ile alama ya kuonyesha kila kitu kilichomo kwenye mchoro. Duka la Haji likapungua, likawa punje ya mchele, halafu nukta. Na upande wa pili wa kioo cha kompyuta, mbali kabisa, kukawa na nukta nyingine. Komanda alidhani ni nzi, akaipuliza. Haikuruka. Nikaisogelea.

Zilikuwa fremu zangu. Zote, zimesimama wima kwenye mistari yake na mawimbi yake, hazina kioo, hazina duka.

"Njo hizi!" nikapiga kelele. "Njo fremu!"

"Na ziko wapi?"

Chini ya jengo nilikuwa nimetandika ramani ya mji na vipimo vyake vya kweli. Nikapima. "Ziwani, Komanda."

Jambo hili alilichukua kwa uzito. "Upande wetu, ao upande wa Tanzania?"

Nikatazama vizuri. "Zimepita katikati. Kidogo."

"Mama," akasema, "kumbe wewe unavusha madirisha mpakani bila karatasi?"

Askari wakacheka mpaka yule wa barieri, aliyejua risasi inapoingia, akakaa chini. Nikacheka na mimi.

Na papo hapo nikaelewa. Profili inatakiwa kuchorwa pale mistari miwili ya programu inapokutana, kwenye sifuri, kwa sababu programu inapima kila kitu kuanzia hapo. Mimi nilikuwa nimeuchora ukingo wa mlango juu ya ramani yangu, mbali na sifuri, nikaunakili moja kwa moja kutoka hapo, na ule umbali wote wa ramani ukaja nao. Programu haikukataa fremu hata siku moja. Iliziweka zote, kwa utii mkubwa, kila moja mbali na kioo chake umbali uleule. Nikaishika profili, nikaivuta hadi kwenye sifuri, nikahifadhi. Duka zima likavaa fremu mara moja. Barazani watu walipiga makofi.

Niliona pia kwamba mawimbi ya babu yametazama ndani badala ya nje. Nikaifunga kompyuta. Komanda alikuwa amekwisha sema niende.

Karatasi hakunirudishia. Alisema anataka kufikiria nyumba yake mwenyewe.

Duka lilijengwa pale barabara zilipotulia kidogo. Aluminiamu ya umbo lile haikupatikana popote, kwa hiyo seremala alichonga fremu zote kwa mbao, kwa kufuata mchoro wangu, mawimbi nje. Vioo vilikuja kwa meli kutoka Kigoma, na kimoja kilipasuka bandarini, tukaziba mahali pake kwa ubao uliopakwa buluu. Haji alisema ubao huo unapendeza kuliko vioo.

Siku ya kufungua, wateja wa kwanza hawakuingia. Wanawake waliokimbia Nyunzu, waliokuwa wanalala kwenye madarasa ya shule ya jirani, walisimama nje mbele ya kile kioo kirefu. Wengi walikuwa hawajajiona wazima, kichwa hadi miguu, tangu watoke kwao. Mmoja alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya polepole, akageuka kidogo, akajitazama ubavuni. Haji alitoka mlangoni kuwakaribisha, akawaona, akarudi ndani ili asiwakatize.