Harufu Isiyotajwa

Kwetu kusini tulilelewa hivi: ukisikia harufu tamu usiyoiona inakotoka, funga mdomo. Ukinusa wali porini, pita kimya. Anayeitaja amemkaribisha mwenye nayo. Nilihamia Dar nikiwa kijana, nikajenga Chanika uzeeni, na katazo hilo nikaja nalo.

Ilianzia chumbani kwetu. Harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi, yenye ukali ndani yake. Nilichungulia uvunguni, nikatoa godoro juani. Hakuna kitu. Mke wangu akitoka, nayo imetoka, akirudi, imerudi. Nikaamini kuna mgeni aliyemwingia. Hata kukonda kwake, na ile kiu ya kumaliza jagi la maji kabla chai haijachemka, nikamsingizia mgeni huyo.

Sikumwambia mtu. Nilichoma ubani kila magharibi, na kitandani nikageukia ukutani.

"Mzee, siku hizi wanipa mgongo," aliniambia asubuhi moja. "Nimekuchosha?"

Nikasema ni joto. Akacheka kidogo. "Joto la Chanika lina macho, basi. Linanichagua mie tu."

Mke wa mwanangu alipokuja kutusalimu alianza kuuliza mbona chumbani kunanukia. Nilimkata jicho, akanyamaza, maana mkwe habishani.

Kisha Jumamosi moja mjukuu wangu wa kike alikaa barazani akifuta rangi ya kucha. Harufu ikanifikia uani. Ileile. Nikamuuliza kile kichupa kina nini.

"Asetoni, babu."

Neno hilo nililijua. Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha kwamba asetoni ndiyo ndogo kuliko zote katika ukoo wa ketoni: oksijeni imeishika kaboni kwa mikono miwili, na pande zote mbili za kaboni hiyo zipo kaboni nyingine. Alitudondoshea tone viganjani. Ubaridi, kisha hakuna kitu, harufu tu imebaki hewani. Akaongeza kwamba mtu aliyezidiwa na kisukari huweza kuitoa kwa pumzi. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Nililipata.

Niliingia ndani. Mke wangu alikuwa amelala chali, akivuta pumzi nzito kama aliyetoka kupanda mlima. Nikamwinamia, nikauweka uso wangu karibu na wake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa wiki nyingi.

Hospitalini daktari alisema sukari imejaa kwenye damu lakini mwili hauwezi kuitumia, kwa hiyo unachoma mafuta yake wenyewe, na ketoni zinarundikana hadi damu inakuwa na asidi. Akauliza harufu ilianza lini. Mkwe wangu, aliyetusindikiza, alitazama sakafu.

"Mwezi uliopita," nikasema. "Niliisikia mimi, nikanyamaza."

Mke wangu hakuamka tena.

Ubani sichomi siku hizi. Lakini harufu inakuja, mara nyingi asubuhi, jua likiwa limejaa chumbani. Sasa naitaja. Napaza sauti kwamba nasikia harufu, na wajukuu wanakuja mlangoni, mmoja mmoja ananipumulia usoni. Chai. Mihogo. Dawa ya meno. Wanasema wao hawasikii chochote. Nami nimepimwa, sukari yangu ni nzuri.

Wakishaondoka nalala upande wangu wa kitanda. Ukuta nimeupa mgongo. Nangoja, na harufu inasogea karibu.