Mabango ya magari na ndege yaliyobandikwa nyumbani kwetu Kinole, na balozi aliyekuja kuyatoa

Wakuu, habari za jioni. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea. Hii sikusimuliwa, niliishuhudia mwenyewe nikiwa binti wa kuolewa.

Ni miaka ya Ujamaa, Kinole, kule juu Uluguru.

Baba alikuwa amefariki, na mama akanyamaza. Hakununa. Alilima, alipika, misa alikwenda, ila maneno yalimkauka.

Kaka yangu Kolumba alikuwa fundi gereji mjini Morogoro. Tajiri wake aliuza magari na tiketi za ndege. Alipofunga ofisi akamwachia furushi la mabango ya matangazo. Kolumba akayapandisha mlimani. Shida yake ilikuwa kuziba nyufa za ukuta tu, upepo usimpige mama.

Tukayabandika kwa uji wa muhogo.

Jamani, yale mabango! Gari jekundu kama nyanya liko ufukweni, dada wa Kizungu kajifunga kitambaa kichwani. Na ndege kubwa, tumbo la fedha, chini yake taa za mji ambao jina lake hatukuweza kulisoma.

Sasa kwetu mawingu huingia ndani bila hodi. Asubuhi ukifungua mlango, ukungu unapita sebuleni taratibu, ile ndege inazama humo, linatokea bawa, linapotea tena. (Waliokulia mlimani wananielewa.)

Siku moja nikamkuta mama kakaa, jembe mapajani, anaitazama ile ndege.

"Felista, hawa wote wanakwenda wapi?"

Tangu msiba alikuwa hajaniuliza kitu. Nikamtungia mji. Yeye akauongezea mto, kisha kanisa, kisha soko la maua. Ikawa ndiyo story yetu kila asubuhi.

Habari zikamfikia balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kobelo, mgane, mtu serious sana. Akaja akasema magari ya anasa ni ubepari, yatolewe kabla viongozi hawajapita kijijini.

Niliona mama anarudi kwenye kile kimya chake.

Mama hakupandisha sauti. "Balozi, ubepari ni kuwa na gari. Sisi tunaliangalia tu."

Mzee akavua kofia, akakaa kwenye kigoda, akaitazama ndege mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, inakwenda wapi. Mama akamtembeza mji mzima.

Kesho yake akarudi, eti kukagua. Na keshokutwa. Kila akija kuna mtaa hajaelezwa.

Viongozi walipopita, aliwaonyesha migomba. Ndani hakuwakaribisha.

Baada ya mavuno posa ya balozi kwa mama ikaja kwa mjomba, na padri akawafungisha ndoa. Walizeeka pamoja, ndege hawakuwahi kupanda. Tukiwa jikoni tuliwasikia sebuleni wakibishana taratibu kama kule kwenye mji wa ukutani mvua hunyesha.

Nilichojifunza wakuu: aliyefiwa usimvute ulimi. Kaa naye, tazameni kitu kimoja, maneno yatakuja yenyewe.

Haya, kwenu ukutani palibandikwa nini enzi hizo? Tiririkeni hapa chini. Mtandao wa huku mlimani unakuja na kuondoka, ila nitawasoma wote.