Safari ya Gorila Iliyonitoa Kwenye Ndoa

Ndoa yangu ilivunjwa na gorila.

Cheka tu. Hata mimi kuna siku huwa nacheka. Lakini hao gorila sijawahi kuwaona kwa macho, na walionitoa nyumbani kwangu hawakuwa wanyama.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya kutembeza watalii. Meza mbili, feni moja yenye kelele, na ukutani picha kubwa ya gorila dume mwenye mgongo wa mvi, anakutazama kama umekalia kiti chake.

Baba mkwe wangu alikuwa na kiwanda cha mikate. Yeye na marehemu mkewe walikianzisha uani, na tanuri moja la matofali. Mtaani wakamwita Mzee Tanuri, kwa sababu ya mikate na kwa sababu ya hasira zake.

Watoto wake ni watatu. Mume wangu ndiye wa kwanza. Anafuata wifi yangu, mwenye saluni. Wa mwisho ni shemeji yangu, ambaye kila mwaka alikuwa na biashara mpya na suti mpya.

Wote watatu walikuwa na wimbo mmoja: Baba, uza kiwanja hiki cha nyumba na kiwanda. Kuna tajiri alikuwa anakitaka ajenge hoteli.

Mzee jibu lake lilikuwa hilohilo siku zote.

"Mtauza nikishakufa."

Siku moja akapita ofisini kwetu, kaniletea mkate wa moto. Akaiona ile picha. Akasimama.

"Hawa wapo kweli?"

"Wapo, Baba. Milimani huko, porini kabisa. Watu wanaenda kuwaona."

"Mama yenu alikuwa anawapenda. Kila mara tunasema mwaka ujao, mwaka ujao." Akavaa kofia yake, akaondoka.

Jioni nikamsimulia mume wangu, stori tu za mezani. Akaacha kutafuna.

"Kwani njia ya huko ikoje?"

"Mlima mtupu. Matope, miiba, majani yanayowasha. Na huwezi kujua wamelala wapi, mnaweza kuwatafuta kutwa."

"Aisee," akasema, akaendelea kula.

Haikupita wiki, watoto wote watatu wakamvamia mzee na keki. "Baba, tunakupeleka ukaone gorila!"

Mzee akalia. Na mimi nikalia. Nilijiambia, kumbe hawa watu wana moyo.

Mipango yote nikaachiwa mimi. Vibali, gari, pa kulala, barakoa. Nikawakalisha chini, nikawapa masharti: ukiwa na mafua unarudishwa getini, maana gorila wanaambukizwa magonjwa yetu. Hakuna kusogea karibu. Dume akikukimbilia, usikimbie, inama na utazame chini.

Mzee alikuwa mwanafunzi namba moja. Alinunua buti, akawa anashinda nazo kiwandani ili zilainike, zote nyeupe kwa unga. Nikamfundisha ule mlio wa kooni ambao waongozaji hutumia kuwaambia gorila kwamba tumekuja kwa amani. Ukiingia kiwandani unamkuta anaguna mbele ya tanuri, wafanyakazi wake hawana mbavu kwa kucheka.

Nikawa nampeleka kupanda ngazi za jengo la ofisi yetu, mazoezi.

Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi.

Ghorofa ya pili tu anashika chuma cha ngazi, midomo imepauka.

"Baba, tupumzike."

"Nipo fiti. Kijana wa leo hanipati."

Nikamwambia mume wangu, mzee apimwe kwanza. Akasema atampeleka mwenyewe. Waliporudi, akaja anatabasamu. "Daktari kasema ana moyo wa kijana."

Nikashusha pumzi. Mjinga mimi.

Zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya safari. Mchana nikapita saluni kwa wifi kuchukua pasipoti yake. Mbele kulikuwa na wateja chini ya mashine za kukaushia nywele, kelele tupu. Nikazunguka chumba cha nyuma. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Nikasikia sauti ya mume wangu.

"Daktari alisema waziwazi. Moyo umechoka. Hata ngazi asipande, sembuse mlima."

Shemeji akajibu, "Si ndiyo vizuri? Anakufa ana furaha."

"Na nani atatulaumu?" Hiyo ni sauti ya wifi. "Tumempeleka kwenye ndoto yake. Watu watatusifu msibani. Tena mipango yote kafanya mkeo."

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka.

Nikarudi mbele kwa wateja. Dada mmoja wa saluni akaniuliza, "Vipi, nikusuke?" Nikatoka nje.

Asubuhi nikaenda kiwandani. Mzee alikuwa peke yake kwenye meza ya kukandia. Nikamwaga yote, neno kwa neno. Yeye anakanda tu. Anakunja, anasukuma, anakunja.

"Umemaliza?"

"Baba, usiende. Na kama lazima uende, usipande kwa miguu. Kule kuna vijana wanabeba wazee kwa machela, kwenda na kurudi. Namba ya mwongozaji hii hapa, mpigie wewe mwenyewe."

Akaichukua ile karatasi, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Hakunitazama.

"Nenda kazini, usichelewe."

Jumapili akatuita wote sebuleni kwake. Akakaa kwenye kiti chake, mikono magotini.

"Mkwe wangu anasema mnanipeleka mlimani nikafe. Nani ananijibu?"



Wifi akapiga ukelele kama kaungua. Shemeji akaapa kwa kaburi la mama yao. Mume wangu akasimama, kidole usoni kwangu.

"Huyu mwanamke tangu aingie kwetu anatafuta namna ya kututenganisha! Baba, daktari si alikupima mbele yangu?"

Nikamgeukia mzee. "Baba, waambie basi. Si unashindwa hata ghorofa ya pili? Si nakushika mkono?"

Mzee akarekebisha kola ya shati.

"Mimi sijawahi kushindwa kupanda ngazi yoyote."

"Baba?"

"Wanangu hawawezi kunifanyia hivyo. Wewe una sumu mdomoni. Mtoeni nyumbani kwangu."

Nilitolewa. Mume wangu alinifungia nguo kwenye shuka, akaniambia nirudi kwetu na asinione tena. Kesho yake wifi akaenda kwa bosi wangu, akamwambia natoa siri za wateja nje. Jioni sina kazi, sina mume, nimelala kwenye kochi la shangazi yangu.

Wakasafiri. Kila simu ya shangazi ikilia, mimi roho juu. Nilikuwa nangojea kuambiwa mzee amekufa, na sikujua kama nina haki ya kulia.

Simu hiyo haikuja.

Alikuja mzee mwenyewe.

Nafungua mlango namkuta kasimama na fimbo, buti zina matope yaliyokauka. Nilidhani naona mzuka.

"Hunikaribishi?"

Akaingia, akakaa, akaomba maji. Akaanza kusimulia kama mtu aliyetoka matembezini.

"Tumefika getini, nakuta vijana wanane wananingojea na machela yao. Ungeona nyuso za wanangu! Mumeo akauliza, nani kaagiza hii? Nikamwambia mimi. Wakanifuata nyuma kwa miguu mlima mzima."

"Na gorila uliwaona?"

"Niliwaona." Akaegemeza fimbo ukutani. "Dume kubwa limelala kwenye majani. Kuna kitoto kinalivuta nywele za mgongo, kinateleza, kinapanda tena. Lenyewe limelala tu."

Akanywa maji.

Mimi kichwani nilikuwa na kitu kimoja.

"Kwa hiyo, Baba, uliniamini."

"Nilikuamini pale pale ulipofungua mdomo. Mumeo aliponiambia nina moyo wa kijana hakunitazama usoni. Mimi ndiye niliyemlea, namjua."

"Sasa kwa nini ulinitoa vile? Mbele yao?"

Akainama. Alijibu kwa sauti ya chini, lakini kila neno lilinifika.

"Ningesema wewe ni mkweli, ningebaki na nani? Wewe utapata nyumba nyingine, mama. Mimi watoto wengine nitawatoa wapi?"

Nilitaka kumtukana. Nikamuuliza tu.

"Na sasa? Utawaambia?"

"Hapana. Nimekuja kukushukuru tu." Akashika fimbo yake, akainuka. "Kiwanja nimewapa. Jana nimesaini."

"Baba! Baada ya yote hayo?"

"Sasa hawana cha kungojea kwangu. Wakija kuniona, nitajua wamekuja kuniona mimi."

Akaondoka polepole, anashika ukuta.

Leo pale palipokuwa na kiwanda kuna hoteli ya ghorofa. Mume wangu alioa tena kabla hawajamaliza kuezeka. Mimi nimeajiriwa kwingine, naendelea kuwapangia watu safari. Mzee amepanga chumba kimoja karibu na soko, na mwenye nyumba wake ni rafiki wa shangazi.

Nilimuuliza juzi huyo mwenye nyumba, wanawe mzee huwa wanakuja?

Akasema tangu mzee ahamie pale, hajaona mtoto wake hata mmoja. Ila kila Jumapili mzee anavaa shati safi, anatoa kiti nje, anakaa kutazama njia mpaka jua linazama.

Ndugu msomaji, nililojifunza ni hili. Ukijua mtu amepangiwa kuuawa na watoto wake, mwambie, maana utamwokoa. Lakini usitegemee atasimama upande wako. Atachukua uhai uliompa, atarudi nao kwa watoto wake.

Kwa hiyo mwambie. Ila begi lako liwe limeshafungwa.